SOMO LETU: TUPIME NAFASI YA PISTONI KABLA YA KUFUNGA INJINI



Baada ya mavuno, mashine ya kusaga haipumziki. Injini ya dizeli ikikwama siku hizo hapa Sitalike, kazi inarudi kwenye kinu na mchi. Fedha za kikundi nazo zinapanda gari kwenda Mpanda, kilomita 35 hivi, kutafuta vipuri.

Fundi akifungua injini, wengi wetu tunamuuliza, "Shilingi ngapi?" Leo tujifunze swali la pili: "Umepima?"

Nafasi ya pistoni ni nini?

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda pana nafasi ndogo, ambamo oili hukaa. Ni ndogo kweli kweli. Wembe wa kunyolea una unene wa milimita 0.1 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Tunazungumzia vipimo vya namna hiyo.

Kwa nini nafasi hiyo iwepo?

Chuma kikipata moto hutanuka. Pistoni nyingi ni za alumini, nayo alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Pistoni ya alumini yenye upana wa milimita 100, joto lake likipanda kwa nyuzi 100, hutanuka kwa milimita 0.2 hivi. Ikikosa nafasi, hukwaruza silinda na kukwama. Nafasi ikizidi, pistoni hugonga, injini inakula oili na nguvu zinapungua.

Namna ya kupima

1. Safisha pistoni na silinda. Acha vyote vipoe kabisa.
2. Pima upana wa pistoni kwa maikromita, sehemu ya chini, kukingama na pini yake. Kitabu cha injini kinaonyesha mahali penyewe.
3. Pima upana wa silinda juu, katikati na chini. Kila mahali pima mara mbili, kwa kukingamisha. Utapata vipimo sita.
4. Chukua kipimo kikubwa cha silinda, toa kipimo cha pistoni.
5. Linganisha jibu na kitabu cha injini hiyo. Kila injini ina kipimo chake.

Tufanye hesabu

Silinda: milimita 100.14
Pistoni: milimita 99.90
Nafasi: 100.14 − 99.90 = 0.24

Tuseme kitabu kinasema nafasi isizidi 0.20. Basi injini hii haifai kufungwa hivyo. Mtu akisema, "Tutie ringi mpya tu, itakwenda," tukatae. Ringi mpya hazipunguzi upana wa silinda. Silinda ichongwe na pistoni kubwa zaidi itiwe. Tununue pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kuifuata pistoni hiyo.

Siku ya kufunga injini, wawili watatu wa kikundi wawepo. Katibu aandike katika daftari la mashine tarehe, upana wa silinda, upana wa pistoni na nafasi. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Na injini ikifunguliwa tena, daftari litatuonyesha silinda imelika kiasi gani.

Maswali

1. Kwa nini tunapima vyuma vikiwa vimepoa?
2. Silinda ni 100.06, pistoni ni 99.94. Nafasi ni ngapi?
3. Je, daftari la mashine yenu lina vipimo hivi?