Somo: Kuitunza Motokaa ya Dizeli kwa Mikono Yetu



Miongoni mwetu wamo wenye motokaa za dizeli zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Msimu ukifika, hizo ndizo zinazochukua wachumaji, magunia na majamvi. Ikiharibika njiani na huku karafuu mbichi zimerundikwa, karafuu hizo hupata joto, zikavunda, na bei yake ikashuka. Kwa hivyo tumeonelea vema somo la leo liwe juu ya kazi ambazo mwenye gari aweza kuzifanya mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Mfano wetu tumeutoa mbali kidogo, wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku mbili hivi, wakapiga kambi Benaco. Mashirika ya misaada yakaja na malori na Land Cruiser za dizeli kupeleka chakula na dawa. Njia nyingi za huko ni za udongo mwekundu: kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi, na milima ni mirefu. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,000, na huko ndiko vipuri vinakotoka. Mahali kama hapo, mwenye gari asiyelitazama kila siku atalala porini. Na sisi wa visiwani, wenye vilima na njia za udongo, tuna la kujifunza.

Kwanza, hewa. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta hewa kiasi cha lita 4,000 kila dakika. Filta ikitoboka, au mpira wa kupitishia hewa ukilegea, vumbi huingia likasaga ringi na silinda kama msasa. Baada ya safari ya vumbi, itoe filta, igonge taratibu, kisha ipulize kutoka ndani kwenda nje. Filta ya karatasi usiioshe kwa mafuta. Iangalie mbele ya mwanga. Ukiona tundu, itupe.

Pili, mafuta. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli ile ile, na nafasi iliyo baina ya vyuma vyake ni nyembamba kuliko unywele. Maji kidogo tu huleta kutu. Dizeli ya pipa iache itulie usiku kucha, uivute kutoka juu, na ile ya chini usiitie. Jaza tangi jioni, kwani tangi tupu hutoa jasho ndani usiku. Kila wiki fungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli mpaka maji yaishe na dizeli safi itoke, kisha ifunge.

Tatu, upepo. Ukiishiwa dizeli njiani, au ukibadili filta, hewa huingia katika mabomba na injini haiwaki. Usiimalize betri kwa kupiga stata. Kwa injini za zamani, legeza skrubu ya kutolea upepo, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha washa. Lakini motokaa mpya zinazoongozwa na kompyuta usilegeze kabisa mabomba ya nozeli. Mafuta yake husukumwa kwa nguvu kubwa mno, hata huweza kutoboa ngozi ya mtu.

Nne, moshi na oili. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Anza na filta ya hewa. Wa buluu, oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia. Oili ya dizeli kuwa nyeusi isikutishe. Ikiwa kama maziwa, imechanganyika na maji: usiwashe injini, mwite fundi.

Tano, mteremko. Shuka kilima kwa gea ile ile ambayo ungekipandia. Breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto, zikakataa kushika.

Pampu na nozeli zenyewe usizifungue. Hizo ni za fundi mwenye chombo cha kuzipimia. Kazi yetu sisi ni usafi wa hewa, mafuta na oili, na robo saa kila asubuhi yatosha kuutazama.

La mwisho, dizeli na karafuu zisipakiwe pamoja. Karafuu hunasa harufu upesi, na gunia lenye harufu ya dizeli hupoteza jasho la msimu mzima.