Ndoo Yangu ya Maganda Hainuki Tena

Mama mwenye nyumba alipogonga mlango wangu saa moja asubuhi, nilijua hajafuata kodi, maana kodi nilikwisha kulipa. Alikuwa ameziba pua kwa upindo wa kanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida, kisha akauliza: "Mwanangu, kwani kuna panya kakufia humo ndani?"

Panya hakuwapo. Ilikuwa ni ndoo yangu ya maganda, ya lita 20, iliyokaa siku nane chini ya sinki, mfuniko nimeukaza kwa nguvu zangu zote. Asubuhi ile nilikuwa nimeufungua kwa mara ya kwanza. Sisi hapa Sinza ni wapangaji wanne na ua wetu ni mmoja, kwa hiyo nilichokifungua kiliwafikia wote kabla chai haijachemka.

Nilikuwa nimeanza kukusanya mabaki ya jikoni kwa nia njema kabisa. Mchicha wangu wa kwenye viroba ulikuwa umedumaa, samadi ya kununua ina gharama, na kila siku nilikuwa namwaga maganda ya ndizi na viazi ambayo baadaye namlipa mtu ayachukue. Nikaona bora nitengeneze mboji. Kosa langu lilikuwa lile la karibu kila anayeanza: kudhani kwamba ukifunga sana, harufu itabaki ndani. Kumbe nilikuwa naipika.

Ndani ya ndoo ile kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vile vinavyohitaji hewa hula maganda na kutoa kaboni dioksidi na maji, vitu ambavyo havinuki. Hewa ikiisha, kazi inashikwa na wenzao wasioihitaji, na hao ndio wenye ile harufu ya mayai viza na ya uchachu unaokwama kooni. Na kinachomaliza hewa upesi kuliko hata mfuniko ni maji. Tikitimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Likianza kuoza, maji yale huteremka, hujaza kila upenyo, na sehemu ya chini ya ndoo hugeuka kinamasi. Kwa joto letu la Februari, nyuzi 30 na ushei, siku mbili zinatosha.

Kwa hiyo siku hizi sipambani na harufu. Napambana na maji.

Ndoo yangu ya sasa ni ya lita 10. Hiyo ya 20 niliistaafisha, kwa sababu ndoo kubwa inakushawishi usiimwage. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa nikatoboa matundu kama kumi chini na mengine ishirini kuzunguka karibu na mdomo. Inakaa juu ya beseni kuukuu ili kinachodondoka kisifike sakafuni. Mfuniko niliutupilia mbali. Juu nimeweka kipande cha wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, nikakibana kwa mpira. Hewa inapita, nzi hapiti.

Halafu kuna trei za mayai. Ningekuwa na uwezo wa kukuambia jambo moja tu, lingekuwa hili. Trei ya karatasi ngumu hunywa maji kama sifongo, inachanika kwa mkono, na haina wino mwingi. Chini ya ndoo naweka trei nzima iliyochanwachanwa. Kila nikimwaga bakuli la maganda, juu yake naongeza ujazo uleule wa trei iliyochanwa, au maranda, au majani makavu ya mkungu yaliyovunjwavunjwa. Ganda lisionekane kwa juu. Ukichungulia ndoo yangu utadhani ni ya kutunzia karatasi.

Vitu vikavu vina kazi nyingine pia. Vile vijidudu hupenda chakula chenye kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki ya mboga yana naitrojeni nyingi kupita kiasi hicho, na maranda yana kaboni tele, ndiyo maana vinafaana. Maranda nachukua kwa fundi seremala wa mtaani, bure, ila huwa namuuliza kwanza alikuwa anaranda mbao gani. Za mninga nachukua. Za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, namwachia. Vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi vilevile silitaki kwenye mboga nitakazokula.

Kabla kitu hakijaingia ndooni, nakipunguzia maji. Majani ya chai hubaki kwenye chujio hadi yakauke. Maganda ya tikiti nayakatakata, nayaweka kwenye sinia juani, na jioni yamesinyaa. Wali uliobaki na ugali natia kidogokidogo tu, kwa sababu vinagandamana na kuziba hewa.

Chicha la nazi nalo lina kesi yake. Ukishakamua tui, chicha linaonekana kavu na safi, jeupe pepe, unalitia ndani bila wasiwasi. Kumbe limebaki na mafuta, na mafuta yale huvunda. Nilihangaika wiki nzima kutafuta kinachonuka kabla sijaligundua. Sasa nalitandaza kwenye ungo likauke, na mara nyingi kuku wa jirani huniwahi. Siwafukuzi.

Matumbo ya samaki, vichwa vya dagaa na mifupa ya nyama haviingii kabisa kwenye ndoo. Navifunga kwenye kopo lenye mfuniko, nalitia kwenye friza, na siku ya kumwaga nachimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, navifukia. Paka wa mtaa huu wamekwisha kunitembelea mara moja kwa sababu ya shimo fupi.

Shangazi yangu alinishauri ninyunyize majivu, kama walivyokuwa wakifanya chooni kule kijijini. Nilimsikiliza, nikanyunyiza mengi, na jioni ile jikoni kukanuka choo kweli. Majivu yakikutana na mabaki mabichi yenye naitrojeni huifukuza itoke kama amonia, ile inayochoma pua. Kinachosaidia ni ndugu yake, chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia. Mkaa una vitundu vidogo mno vinavyonasa harufu. Konzi moja kila baada ya siku mbili inatosha, na hata nguo hazichafuki ukiwa mwangalifu.

Pua imekuwa kipimo changu. Nikisikia amonia, najua mboga ni nyingi na karatasi ni chache, naongeza maranda. Nikisikia mayai viza au uchachu, najua kumelowa, basi naimwaga ndoo hata kama haijajaa. Harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza ndiyo tunayoitafuta.

Nzi nao wana hesabu yao. Kwa joto hili mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja, na kutoka yai hadi nzi kamili ni kama wiki moja au siku kumi. Mimi namwaga ndoo Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo hawapati nafasi ya kumalizia ukoo wao jikoni kwangu. Baada ya kumwaga naisuuza kwa maji, naianika juani imepinduliwa. Sabuni natumia mara mojamoja, na madawa makali sitii kabisa.

Zamani wengi wetu tulikuwa tukifunga maganda kwenye rambo na kuyasubirisha mlangoni. Tangu Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku Tanzania, na kwa shughuli hii ni heri: rambo lililofungwa ni ile ndoo yangu ya mwanzo, tena bila kitako.

Huko nje, karibu na ukuta, nina pipa kuukuu lililokatwa kitako. Namwaga, nafunika kwa majani makavu, na kila wiki nageuza kwa chepe. Wakati wa mvua za masika naliwekea bati juu. Mboji ya kwanza ilinichukua miezi mitatu na nusu, nyeusi, imechanguka, na ndani yake makokwa mawili ya embe yaliyokataa kuoza. Moja lilikuwa limeota.

Mama mwenye nyumba siku hizi analeta maganda yake mwenyewe kila jioni, kwenye bakuli la plastiki, na husimama palepale mlangoni alipozibia pua. Bado anachanganya na chicha. Nashukuru, napokea, akiondoka nalichambua.

Trei za mayai zikikuishia, nenda jioni kwa muuza chipsi. Wa hapa kwetu zilizochanika anazitupa, na ukimwomba mapema anakuwekea.