Mkono Gani Upige? Somo kwa Wapiga Batri na Wazazi Wao

Somo letu la leo ni la vijana wanaopiga batri kanisani, yaani ile seti ya ngoma na matoazi ambayo wengine huiita dramu. Lakini ni la baba na mama pia, kwa sababu swali lenyewe huanzia nyumbani: mtoto afanye kazi kwa mkono gani?

Someni kwanza: Waamuzi 3:12-30, Waamuzi 20:16, 1 Mambo ya Nyakati 12:1-2, 1 Wakorintho 12:14-26.

1. Kwa nini tunauliza

Hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya barabarani na ya sokoni, tunaishi pamoja watu wa makabila na dini nyingi. Sisi sote, Wakristo na Waislamu, tumelelewa kwamba mkono wa kushoto hautoi salamu, haupokei kitu kutoka kwa mkubwa, wala hauingii katika sahani ya pamoja. Hiyo ni adabu, nasi hatuwafundishi watoto kuivunja. Aliyekimbilia kwa watu hushika heshima za watu.

Shida huanza adabu ya sahani inapopelekwa kwenye batri. Mtoto anakaa, anaanza kwa kushoto, mara anaambiwa ageuze mkono. Anajaribu kwa kulia, mdundo unachelewa, kwaya inayumba, na watu wanasema hana kipawa. Mwisho anaacha. Mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba, shule na marafiki njiani, je, apoteze na nafasi yake kanisani kwa sababu ya mkono aliozaliwa nao?

Duniani karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia zaidi mkono wa kushoto. Kwa hiyo katika kwaya ya watoto 30, msishangae mkiwapata watatu.

2. Neno la Mungu linaonyesha nini

Ehudi, mwamuzi aliyewaokoa Israeli kutoka kwa Egloni mfalme wa Moabu, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Upanga wake aliufunga kwenye paja la kuume, mahali panapofaa mkono wake. Tena alikuwa wa kabila la Benyamini, na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Kabila hilohilo lilikuwa na watu 700 wa mkono wa kushoto waliotupa mawe kwa teo bila kukosa. Na baadhi ya waliomjia Daudi huko Siklagi waliweza kutumia mikono yote miwili.

Basi Biblia haiufichi mkono wa kushoto. Inatuonyesha watu waliojua mkono wao na kuuzoeza mpaka ukawa hodari. Mazoezi hayo ndiyo tunayotaka kwa wapiga batri wetu.

3. Kila pigo lina mkono wake

Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, zinatufundisha jambo la kwanza. Ngoma ziitwazo amashako hushika mdundo usiokatika, ibishikizo hufuata, na inkiranya huongoza. Kila moja ina kazi yake. Mikono ya mpiga batri ni vivyo hivyo: mmoja unaongoza, mwingine unafuata, na kila mmoja unajua zamu yake.

Tuuite mkono wenye nguvu N, na mkono wa pili P. Kwa wengi N ni kulia. Kwa wengine N ni kushoto. Somo ni lile lile.

Hesabu polepole: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Hizo ni nafasi nane. Piga kwa kupokezana:

N P N P N P N P

Mkono N unapiga namba, mkono P unapiga kila "na". Ukishazoea, piga nafasi ya 1, ya 4 na ya 7 tu. Nyingine zinyamaze:

N - - P - - N -

Huu ni mdundo mnaoujua. Umo katika nyimbo nyingi za Kikongo. Angalieni kwamba pigo la katikati limeangukia P. Hatukuuchagua mkono huo kwa kubahatisha. Ndio mkono ambao ungekuwa na zamu pale kama hakuna pigo lililonyamaza. Hiyo ndiyo kanuni: pigo linaweza kunyamaza, lakini mkono haupotezi zamu yake. Anayefuata kanuni hii hachanganyikiwi wimbo ukienda mbio, na mkono mmoja hauchoki peke yake.

Katika nyimbo za polepole zenye hesabu ya tatu, kupokezana kunaleta jambo jingine:

N P N / P N P

Pigo la kwanza huangukia N, halafu P. Hapo mkono wa pili lazima ujifunze kupiga kwa nguvu sawa. La sivyo wimbo utachechemea.

Zoezi la mwisho linachanganya mapigo ya moja moja na ya mawili mawili:

N P N N / P N P P

Linasaidia sana, kwa sababu linabadilisha mkono unaoongoza bila kusimamisha mdundo.

4. Wa kushoto akae vipi kwenye batri?

Batri nyingi hupangwa kwa mtu wa kulia. Matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu yako upande wa kushoto, hivyo mkono wa kulia huvuka juu ya ule wa kushoto kuyafikia. Mtu wa kushoto ana njia tatu.

Ya kwanza ni kugeuza batri yote, kama alivyofanya Phil Collins wa Uingereza. Ni nzuri, ila batri ya kanisa ni moja na wapigaji ni wengi. Kuigeuza katikati ya ibada ni fujo.

Ya pili ni kuiacha ilivyo na kupiga kama mtu wa kulia. Ringo Starr, aliyepigia kundi la Beatles kuanzia 1962 hadi 1970, ni mtu wa kushoto aliyekaa kwenye batri ya kulia. Mapambo yake yalikuwa na ladha ya pekee kwa sababu hiyo.

Ya tatu ni kutovusha mikono: kushoto kunapiga matoazi yaliyo karibu nako, kulia kunapiga ngoma ndogo ya katikati. Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, amejulikana kwa njia hii. Sisi tunaipendekeza kanisani, kwani hakuna kitu kinachohamishwa.

Kwa yeyote, mkielekea ngoma za kulia anzeni kwa mkono wa kulia. Mkirudi, anzeni kwa wa kushoto. Mikono haitagongana.

5. Mazoezi bila batri

Tumieni magoti, godoro au bidoo tupu lililofunikwa kitambaa, majirani wasisumbuke. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Mzazi ahesabu kwa sauti, mtoto apige. Hata mama asiyejua muziki anaweza kusikia mkono ulio dhaifu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani hutumia kushoto? Tumewahi kumwaibisha?
2. Adabu ya mkono wa kulia inaishia wapi, na kipawa kinaanzia wapi?
3. Paulo anafundisha kwamba kiungo kimoja hakiwezi kukikataa kingine. Katika kwaya yetu, ni nani tumemweka kando?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja hauongozi ibada. Tumwombe Bwana atufundishe kupokezana, awape watoto wetu uhodari wa mikono yote miwili, na kila mmoja apate nafasi mbele zake. Mungu awabariki.