Vitamini C Isifie Sufuriani

Kati ya mwaka 2017 na 2018, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini waliokuwa katika kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, walianza kulalamikia miguu. Misuli ya nyuma ya goti iliuma na kukakamaa hata kutembea kukawa kazi. Fizi nazo zikavimba. Kilikuwa kiseyeye, ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani uliisha na mabaharia wa kale. Vijana hao hawakukosa chakula kabisa. Walikula nafaka na maharagwe ya mgao, siku nenda siku rudi, na tunda au mboga ilikuwa nadra. Walipopewa vitamini C, walipata nafuu.

Huwakumbuka kila ninapoona sahani ya chapati na maharagwe katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi hapa Eldoret. Ni chakula kizuri na kinashibisha, lakini vitamini C hakina. Ugali, wali, mkate na maharagwe makavu vyote ni hivyo hivyo, na maziwa yana kidogo mno. Ng'ombe hujitengenezea vitamini hii mwilini mwake. Binadamu hawezi, wala hawezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Lazima aile, tena karibu kila siku.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, 55 kwa mjamzito na 70 kwa anayenyonyesha. Pera moja la kiasi linapita miligramu 100. Chungwa moja lina kama 70. Gramu 100 za papai zina takriban 60, hoho la kijani 80, kabichi mbichi 36, nyanya 14. Vyakula hivi vyote viko kwa mama mboga. Tunapopoteza ni pale kati ya kikapu na sahani, kwa sababu vitamini C huyeyuka majini, huharibiwa na moto, na hupungua ikikaa kwenye hewa.

Unaponunua

Chukua sukuma wiki yenye majani mazima, yasiyonyauka. Ile iliyokatwa asubuhi ikakaa kibandani hadi jioni imeshapoteza sehemu ya vitamini zake. Ukitaka ukatiwe, omba ukatiwe ukiwa umesimama pale.

Fuata msimu, maana tunda la msimu ndilo la bei nafuu. Maembe ya Bonde la Kerio yakipanda mjini, kula maembe. Mapera yakijaa, kula mapera. Si lazima machungwa.

Unapopika

1. Osha majani kwanza, kisha kata. Ukikata ndipo uoshe, vitamini inaondoka na maji.

2. Kata wakati sufuria iko tayari, wala usikate nyembamba kupita kiasi.

3. Kaanga vitunguu na nyanya, tia sukuma, funika, na uipue dakika chache baadaye ikiwa bado kijani. Ikigeuka rangi ya kahawia, umechelewa.

4. Usiongeze maji mengi. Kama kuna mchuzi, ule na ugali.

5. Mboga za githeri zitie mwishoni. Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 93, si 100. Ndiyo maana maharagwe hukaa sana jikoni. Majani hayahitaji muda huo.

6. Viazi vichemshe na maganda yake. Navyo vina vitamini C, na ganda huizuia isitoke yote.

Mboga za managu na saga huchemshwa sana na maji ya kwanza kumwagwa ili kupunguza uchungu. Usiache kuzila, kwani zina faida nyingine tele. Ila usizitegemee kwa vitamini C. Ziandalie kachumbari pembeni.

Unapokula

Kanuni ninayoishika nyumbani ni moja: kila siku, kitu kimoja kibichi. Kachumbari ya nyanya, hoho na dania iliyokamuliwa ndimu inatosha. Kabichi iliyokatwa nyembamba ikatiwa ndimu ni nafuu zaidi. Itengeneze dakika za mwisho, usiiache mezani tangu asubuhi.

Kachumbari hiyo ikiliwa pamoja na maharagwe au managu, inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo, jambo muhimu sana kwa wajawazito na wasichana. Chai hufanya kinyume. Basi inywe saa moja hivi kabla au baada ya mlo.

Mwezi wa Julai, baridi ikikaza, wengi huchemsha ndimu na tangawizi. Chemsha tangawizi peke yake, kisha kamua ndimu kikombeni chai ikishapoa kidogo. Vitamini C haitakukinga na mafua, ila anayeipata kila siku huenda akaumwa kwa siku pungufu kidogo. Vidonge si lazima kwa anayekula hivi, na dozi kubwa, hasa zaidi ya miligramu 2,000 kwa siku, zinaweza kuleta kuhara. Anayevuta sigara anahitaji vitamini C zaidi. Fizi zikitoka damu mara kwa mara au vidonda vikichelewa kupona, nenda kituo cha afya ukapimwe.

Ukimjua kijana anayejipikia chumbani peke yake, usimwambie aache chapati na maharagwe. Mpelekee nyanya mbili, hoho moja na ndimu, umwonyeshe kachumbari inavyokatwa.