Dondoo muhimu: Malengo ya kijana Muislamu

Andika malengo machache, kila moja na hesabu yake.

Wapo wanaoona kupanga sana ni upungufu wa tawakkul, lakini Nabii Yusuf aliipangia Misri miaka 7 ya neema ilishe miaka 7 ya njaa, nafaka ikihifadhiwa kwenye masuke yake. Basi sema inshallah, kisha shika kalamu.

• Usiandike tu "nitahifadhi Qur'ani". Juzuu Amma ina aya 564. Ukishika aya 3 kila baada ya Alfajiri, unaimaliza kwa siku 188. Marudio yafanye usiku.

• Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 11 hivi: angalia Ramadhani inaangukia wapi kabla ya kujipangia kozi au harusi.

• Lipa deni kwanza. Akiba ya Hija itoe mshahara unapoingia, usingoje kitakachobaki.