Mkulima na Mfugaji Usangu: Pataneni Kiangazi

Ukisubiri ng'ombe waingie kwenye mpunga ndipo uite kikao, umechelewa. Hapo kila mtu anatetea jasho lake. Mwenyekiti wa kijiji, iwe Mbarali au kule Pawaga upande wa Iringa, itisha kikao kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ndani.

Msianzie ofisini. Tembeeni njia ya mifugo kutoka zizini hadi majini. Wawepo mkulima, mwenye ng'ombe, mama anayechota maji pale pale, na yule kijana anayechunga. Huyu husahaulika sana. Tajiri wa mifugo anaweka saini barazani, lakini anayeswaga ng'ombe jioni, wakiwa na kiu, ni kijana ambaye hakuambiwa kitu. Mkifika njia inapobanwa na mfereji, simameni. Pitisheni kundi zima hapo, mwone lenyewe linahitaji upana gani, kisha chomekeni vigingi siku hiyohiyo.

Mabua nayo yana ugomvi wake. Kubalianeni kwamba majaruba hayafunguliwi kwa mifugo mpaka jirani wa mwisho awe ameondoa mpunga wake.

Hasara ikitokea, wathamini wawili, mmoja wa kila upande, wafike kabla ya giza. Fidia ikabidhiwe mwenye shamba mbele ya watu, kwa maandishi. Nasema hili kwa uchungu: faini inayoishia mfukoni mwa kiongozi huwaumiza mkulima na mfugaji pia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inawapa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Chagueni kutoka pande zote; baraza la wakulima watupu mfugaji haliamini. Njia ya mifugo ikivuka mpaka wa kijiji, halmashauri za vijiji vyote viwili zikubaliane kwa maandishi.

Kuhamishana si dawa; tulishakuona. Mwaka 2006 serikali iliamuru mifugo iondolewe kwenye kinamasi cha Ihefu, huku huku Usangu. Mingi ikapelekwa Lindi, na ugomvi wa malisho ukaifuata huko. Atakayesema mkulima na mfugaji hawapatani kamwe, mkumbushe kwamba hata mahasimu wa zamani hupatana: mtemi Merere wa Wasangu aliungana na Wajerumani dhidi ya mtemi Mkwawa wa Wahehe, na leo Wasangu na Wahehe wanaoana.

Kila baada ya mavuno, someni makubaliano upya, na wachungaji wapya watembezwe njiani na kuonyeshwa kigingi kimoja kimoja.