Sarafu za Kilwa na Faida ya Daftari

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa pwani ya Tanzania. Wakaao pale leo wengi wao ni wavuvi na wakulima, na karibu na nyumba zao yamesimama magofu ya msikiti mkubwa wa mawe na ya jumba liitwalo Husuni Kubwa. Zamani palikuwa na mji wenye nguvu. Vyombo vilishuka na upepo wa kaskazi, vikarudi na kusi, vimechukua dhahabu na pembe za ndovu. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Kilwa. Alimkuta akitawala Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Nyingi ni za shaba, na za dhahabu zilizopata kuonekana ni chache mno. Upande mmoja wa sarafu limeandikwa jina la sultani kwa herufi za Kiarabu. Upande wa pili yameandikwa maneno ya kwamba yeye humtumaini Mungu. Maneno ya pande hizo mbili hulingana kwa vina, hata mtu akiyasoma pamoja husikia kama kipande cha shairi. Lakini sarafu hizo za shaba hazikuandikwa mwaka. Basi mwenye sarafu moja mkononi hulijua jina la mtu, wala hajui mtu huyo aliishi zamani gani.

Wako watu katika nchi nyingi wapendao kukusanya sarafu za kale. Mkusanyaji mjinga hufurahia wingi wa sarafu zake, akazifungia sandukuni asimwonyeshe mtu. Mkusanyaji mwenye akili hujua ya kuwa sarafu moja ni kama neno moja lililokatwa katika barua: maana yake haionekani mpaka liwekwe pamoja na maneno mengine. Kwa hiyo hutafuta wenzake. Mmoja husoma Kiarabu, wa pili hujua madini, wa tatu hujua historia ya wafalme, wa nne hujua bandari na pepo za bahari. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndivyo walivyofanya watu wa London, ambao mwaka 1836 walianzisha chama cha wachunguzi wa sarafu. Hukutana, huonyeshana walichokipata, na huandika habari zake katika jarida ili wasiokuwapo nao wapate kusoma. Katika jarida la chama hicho, mwaka 1936, John Walker, aliyefanya kazi katika nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum, alieleza habari za sarafu za masultani wa Kilwa. Tangu hapo mchunguzi aliyepata sarafu ya namna hiyo mahali pengine aliweza kuilinganisha na zile zilizokwisha kuandikwa, akajua ni ya nani.

Hata hivyo jambo moja liliwashinda. Sarafu nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Habari za kale za Kilwa zasema kwamba sultani wa kwanza wa mji huo alikuwa Ali. Je, aliishi lini? Wengine walisema aliishi kabla ya mwaka 1000. Wengine wakasema ni karibu na mwaka 1200. Wote walikuwa watu wa elimu, na kila mmoja alikuwa na sababu zake, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho palikuwa na tofauti ya miaka 200 na zaidi.

Mwaka 1984 ilifukuliwa akiba ya sarafu mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba. Zilikuwa zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, na baadhi yake zilikuwa na jina lile lile la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwapo sarafu chache za dhahabu zilizotoka nchi za ng'ambo, za watawala wa Kifatimi waliokuwa na makao yao Misri. Sarafu hizo za kigeni zilikuwa na miaka, na mwaka wa mwisho uliosomwa ulikuwa 1066.

Tazama jinsi wachunguzi walivyofikiri. Mtu hawezi kuzika sarafu ambayo haijapigwa bado. Kwa hiyo akiba ile haikuzikwa kabla ya mwaka 1066. Tena haikuwamo ndani yake dhahabu ya miaka ya baadaye; kwa hiyo yaelekea ilizikwa si muda mrefu baada ya hapo. Na ikiwa fedha ya Ali bin al-Hasan ilikuwamo, basi Ali huyo hakuweza kuwa mtu wa mwaka 1200. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo. Sarafu zisizo na mwaka ziliazima mwaka kwa jirani zao.

Sasa waza ingekuwaje kama akiba ile ingaliangukia mikono ya mtu mwenye tamaa. Dhahabu ingalikwenda kwa sonara ikayeyushwa. Fedha ingaliuzwa kidogo kidogo, moja kwa mgeni huyu, kumi kwa mgeni yule. Kila sarafu ya Ali ingalibaki nzima, yenye jina lake lile lile, lakini isingaliweza tena kumwambia mtu neno lolote juu ya zamani zake. Hasara hiyo haionekani kwa macho, wala haiwezi kulipwa, kwa maana akiba iliyotawanywa hairudi pamoja.

Mahali pia ni habari. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali na bahari, ilionekana sarafu moja ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta. Sarafu hiyo kwa thamani ya sokoni ni kitu kidogo. Lakini kwa kuwa pajulikana mahali ilipotoka, ni ushahidi wa njia iliyounganisha watu wa bara wenye dhahabu na mji wa Kilwa. Ingaliokotwa na kutiwa mfukoni bila kuandikwa, ingalikuwa sarafu ya Kilwa tu, kama nyingine.

Mfano wa mwisho ni wa mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamuni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa. Alizihifadhi, na mahali alipoziokota akapatia alama katika ramani. Mwaka 1979 alizipeleka kwa wajuzi. Wakaona kwamba nne ni za Uholanzi, na tano ni za Kilwa, nchi iliyo mbali na visiwa hivyo kwa kilomita zaidi ya 10,000! Zimefikaje kule, hakuna ajuaye mpaka leo. Lakini mwaka 2013 wachunguzi walipokwenda kutafuta, walikuwa na ramani ya askari yule kuwaongoza. Kama asingalitia alama ile, wasingalijua waanzie pwani ipi.

Mwanafunzi aweza kuanza kazi hii nyumbani, kwa sarafu zisizo za magofu. Katika nyumba za wazee bado zaonekana senti zenye tundu katikati, pengine na rupia, au heller za wakati wa Wadachi. Aombe ruhusa kwanza. Kisha achukue daftari, aandike jina la sarafu, mwaka wake, madini yake, upana wake kwa milimita, maneno ya pande zote mbili, na jinsi ilivyomfikia mwenyewe. Kwa sarafu hizo za karne iliyopita aweza kuweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua polepole kwa penseli, picha ikatokea. Kisha aonyeshe daftari lake kwa wenzake, nao wamwonyeshe yao. Na akisahihishwa, ashukuru.

Lakini akiona sarafu ya kale katika magofu au ufukweni, asichimbe kutafuta nyingine, wala asiisafishe kwa mchanga au ndimu. Kutu ile ya kijani ni ngozi ya shaba. Mwenye kuisugua huondoa na maandishi. Apaangalie mahali pale vizuri, aandike siku na alama za karibu, kisha apeleke habari kwa mwalimu au kwa wakuu wa mahali, ili zifike kwa watunzaji wa mambo ya kale. Tena sheria yenyewe yataka hivyo: Tanzania ina sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1964, na Kenya nayo ina sheria yake.

Mfanyabiashara wa pwani humwonya mwanawe kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya duka, lakini lafaa zaidi kwa sarafu za kale. Sarafu bila daftari haipotei yenyewe. Inapotea habari yake, na habari ndiyo mali.

Maswali

1. Kwa nini mtu mwenye sarafu moja ya shaba ya Kilwa hawezi kujua mwaka wake kwa kuisoma tu?
2. Eleza jinsi sarafu za dhahabu za Mtambwe Mkuu zilivyosaidia kujua zamani za Ali bin al-Hasan.
3. Sarafu ya Zimbabwe Kuu yatufundisha nini juu ya biashara ya zamani?
4. Askari wa Australia alifanya jambo gani jema baada ya kuokota sarafu?
5. Tafuta sarafu moja ya zamani kwenu, uandike habari zake daftarini kama ulivyofundishwa, kisha uwasomee wenzako.